Usahaulifu wa Dalali Asali

Dalali mmoja wa viwanja, aliyeitwa Asali kwa utamu wa ulimi wake, aliuza kiwanja kimoja kwa watu wawili: muuza nyama na mwalimu mstaafu. Siku wanunuzi hao walipokutana pale, kila mmoja na mafundi wake, waliongozana hadi kwake. Asali akaona hapa hapachimbiki, hana pa kutokea. Akashika kichwa, akamtazama muuza nyama kwa upole.

"Samahani, ndugu yangu. Tunafahamiana?"

Tangu hapo akawa msahaulifu. Alisahau kiwanja, alisahau fedha. Saa ya kula tu ndiyo hakuisahau.

Mwalimu hakuwa mtu wa kulishwa maneno. "Hospitali kuu kuna mashine inapiga picha ya ubongo," alisema. "Halafu kompyuta iliyofundishwa kwa picha za maelfu ya wagonjwa inautambua ugonjwa wa kusahau ungali mchanga. Twende ikaamue."

Asali alikubali, mpole kama kondoo. Kabla ya kulazwa kwenye mashine alimvuta kando mpiga picha, akampenyezea bahasha, na picha yake ikabadilishwa kwa ya mgonjwa wa kweli. Kompyuta, ambayo haili rushwa, ilisema ilichokiona.

"Ugonjwa umeanza," daktari alimwambia mke wa Asali. "Pole sana, mama."

Mama huyo, ambaye miaka yote alikuwa kimya kama maji ya mtungini, alifuta machozi, akaenda mahakamani, akakabidhiwa usimamizi wa mali ya mumewe. Aliwarudishia wanunuzi fedha zao kutoka kwenye akaunti ambayo Asali aliamini haijulikani na kiumbe yeyote. Kisha akauza gari.

"Gari langu liko wapi?"

"Si uliniambia mwenyewe niliuze, baba watoto? Juzi tu, hapo hapo ulipokaa. Umesahau?"

Asali akaenda mbio kwa daktari.

"Mimi ni mzima. Picha ile si yangu, nilihonga."

"Wengi husema hivyo, mzee," daktari alimjibu kwa huruma. Mpiga picha alipoitwa, alisema hakumbuki jambo kama hilo.

"Basi nipimwe upya."

"Hakuna shida. Ila sasa lazima msimamizi wako aridhie."

Asali alimkuta mkewe barazani, anakunywa chai. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alisema ukweli mtupu, kuanzia kiwanja hadi bahasha, kisha akamsihi ampeleke hospitali.

Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea kikombe.

"Tutaenda, mume wangu," alisema. "Wewe nikumbushe tu."