Upawa wa Mtaa na Vidonge Vinane

Jumapili, 10 Ramadhani
Kichwa kinapasuka. Siku ya kumi bila kahawa mchana, na mimi ni mtu wa vikombe saba. Ijumaa mtaa wetu hapa Tanta unafuturu pamoja barabarani, na upawa wa sufuria kubwa ni wangu, mwaka wa tisa huu. Ila mwaka jana, kichwa kikiniuma hivihivi, nilimrushia jirani Sobhi upawa huo. Wazee wamesema nikipandwa na hasira tena, upawa anapewa yeye. Sobhi! Hajui hata kutia chumvi.

Jumatatu, 11 Ramadhani
Nimepata akili. Karatasi ya parasetamoli inasema vidonge visizidi vinane kwa siku. Mchana nimefunga, simezi kitu. Basi nimeze vyote vinane wakati wa daku, vinilinde mpaka magharibi. Hesabu safi.

Nikamweleza mfamasia, Daktari Nagla, nikitegemea sifa. Akarudisha boksi kabatini. Akasema ni viwili kwa mara moja, kisha saa nne zipite au zaidi. Vikizidi vinaharibu ini, na siku za mwanzo mtu hasikii chochote.

"Mzee Wagdi, wewe si ngamia. Dawa haiwekwi akiba tumboni."

Akanipa viwili tu, ndani ya bahasha. Kama mtoto! Nimeumia.

Jumatano, 13 Ramadhani
Daku. Nimemeza viwili vya Nagla, nikanyoosha mkono kuchukua viwili vya mafua kwenye droo ya mke wangu, Inas. Akanidaka mkono, akanisomea boksi. Kumbe ndani ni parasetamoli ileile, imebadilishwa jina tu. Wahuni.

Jioni nikamuuliza Sobhi mbona yeye anacheka tu mchana kutwa. Akasema alianza kupunguza kahawa tangu Shaabani, kikombe kimoja kimoja, mpaka mwezi ukaandama hana hamu. Huo ni wizi.

Ijumaa, 15 Ramadhani
Saa kumi jioni, mbele ya wazee, Sobhi akaniuliza kwa upole kichwa kinaendeleaje. Sikurusha upawa. Nilirusha kitunguu.

Upawa anao yeye. Mimi nimegawa tende. Nyama aliyopika ilikuwa tamu, na hilo limeniuma kuliko kichwa.

Baada ya futari, vikombe vitatu vya kahawa, maumivu yote kwisha. Sobhi akaja kunipa pole, akanishauri mwakani nijiandae mapema kama yeye.

Amesema kweli. Mwakani naanza vidonge tangu Shaabani.