Kamati Yashuhudia Usingizi wa Mwenyekiti

Napenda kuutangazia umma wa Mpanda, na hasa wakazi wa Makanyagio wanaopenda kulalamika, kwamba mkoani kwetu hakuna mgao wa umeme. Kilichopo ni mapumziko ya nishati. Neno hilo nililitunga mwenyewe, mimi Zefania, Mwenyekiti wa Kamati ya Uvumilivu wa Umeme, na siku lilipopitishwa wajumbe walinipigia makofi ya kilo.

Kazi ya Kamati si kuleta umeme. Ipo ofisi nyingine inayohusika na hilo, na sisi hatuingilii kazi za watu. Sisi tunahakikisha kwamba umeme unapokosekana, unakosekana kwa utaratibu.

Sasa nina jambo binafsi kidogo. Nikilala, pumzi inakatika. Daktari mmoja wa Mwanza aliniambia inakatika mara thelathini kwa saa, nikamwomba takwimu hizo aniandikie kwa barua. Akanipa mashine: kisanduku chenye ukubwa wa mkate, bomba, na kinyago cha puani kinachosukuma hewa mpaka asubuhi. Majirani walipokiona kinyago wakasema Zefania amepata kazi ya urubani. Niliwaacha waseme, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita nilikuwa naamka nikiwa mtu. Kasoro yake ni moja tu: mashine hiyo inatumia umeme.

Mwezi wa pili mapumziko ya nishati yakaingia Makanyagio, na hayakuonyesha dalili ya kuchoka kupumzika.

Niliikabili hali kiofisa. Siku ya kwanza nililala nimekaa kwenye kochi, nikaamka na shingo ya mtu mwingine. Siku ya tatu mke wangu Emerensiana alinishonea gunzi la muhindi mgongoni mwa fulana, ili nikilalia mgongo linichome nigeuke. Gunzi lilifanya kazi vizuri sana, ila lilifanya kazi kila baada ya dakika nne. Kuanzia siku ya tano Emerensiana aliacha kulala. Alikaa kitandani akinisikiliza, na pumzi ikisimama ananichapa kofi la bega.

Asubuhi ya siku ya nane nilimkuta jikoni, macho mekundu, uji umemwagika na hajaufuta.

"Baba Yustina, mimi si mashine," aliniambia. "Usiku nimepitiwa na usingizi. Nimeshtuka, sijui umekaa muda gani bila kupumua. Umenisikia? Sijui! Nimeogopa."

"Ni mapumziko ya nishati tu, Mama Yustina. Yatapita."

"Nyie na mapumziko yenu! Kamati si ni ya kwako? Nenda kajiombee."

Niliogopa na mimi, sana, ila nilimaliza uji wangu kwa heshima ya cheo.

Laini isiyokatwa kweli ipo. Inalisha hospitali, pampu ya maji, na ukumbi wetu wa mikutano. Mwananchi mwenye mashine ya tiba nyumbani anaruhusiwa kuomba kuunganishwa nayo, kwa kujaza Fomu Namba Saba. Fomu hiyo niliiandika mimi. Niliona mbali: watu wangejifanya wagonjwa ili waangalie mpira. Ndiyo maana mwombaji anatakiwa afike mwenyewe, alale mbele ya wajumbe, akatike pumzi mara tano zilizopimwa, kisha aamke na kusaini kwamba alikuwa amelala. Kifungu cha tisa kinamkataza mjumbe kumgusa mwombaji, asije akaharibu vipimo.

Hatukuwahi kupata aliyetimiza vigezo. Wa mwisho kujaribu alikuwa Mwalimu Enoka, mstaafu wa Kabungu, mwenye mashine kama yangu. Binti yake, Nyanzala, alimleta mara tatu kwa bodaboda. Mara zote tatu mzee alikaa kwenye benchi letu la mbao akitutazama.

"Sasa mtu atalalaje mbele ya watu sita wenye kalamu?" Nyanzala aliniuliza.

Nikamjibu kwamba swali lake ni zuri, na tukaandika: ombi limekataliwa, mwombaji yuko macho. Nilisaini mwenyewe.

Basi siku hiyo ya nane nilijaza Fomu Namba Saba na kuiingiza kwenye ajenda. Nyanzala nilimkuta ukumbini ameshakaa, safari hii peke yake, anataka kuniona. Nilimwambia asubiri tufike kwenye mengineyo.

Yaliyofuata sikuyashuhudia, ingawa nilikuwepo. Nanukuu muhtasari wa katibu wetu, Pudensiana, ambaye hajawahi kuongeza chumvi katika maisha yake:

"Saa 4:10 Mwenyekiti alifungua kikao. Saa 4:11 Mwenyekiti alilala. Mjumbe Alois aliuliza kama huo ni ufunguzi au ni ombi. Kikao kiliazimia kuwa ni ombi. Saa 4:13 Mwenyekiti alianza kukoroma kwa kiwango cha kuridhisha. Pumzi ilikatika kwa sekunde 20, 24, 31 na 38. Wajumbe walibaki watulivu kwa mujibu wa kifungu cha tisa. Mkato wa tano ulifika sekunde 52. Midomo ya Mwenyekiti ilibadilika rangi. Mjumbe Alois alipendekeza rangi hiyo iandikwe. Iliandikwa. Ndipo mwananchi Nyanzala Enoka, asiye mjumbe, alipoisukuma meza na kumtikisa Mwenyekiti."

Ninachokumbuka mimi ni mikono miwili mabegani na sauti ya mwanamke.

"Pumua! Nyie watu mkoje? Mnamwangalia tu? Pumua, baba, pumua!"

Nikapumua. Nikawatazama wajumbe wangu, watu niliofanya nao kazi miaka minne. Alois alikuwa bado ameishika simu inayohesabu sekunde. Walikuwa wamefuata maelekezo yangu neno kwa neno, na hapakuwa na hata mmoja ambaye ningeweza kumwandikia barua ya onyo.

"Hongera, Mwenyekiti," alisema Alois. "Umefikisha mikato minne safi kabisa. Wa tano ndio umevurugwa."

"Umevurugwa vipi? Si nilikuwa nakufa?"

"Uliguswa," alisema Pudensiana.

Akanisomea uamuzi: ombi limekataliwa kwa sababu ya kuingiliwa na mtu wa nje, mwombaji anaweza kuomba tena baada ya siku tisini. Kisha akanisogezea karatasi. Palipoandikwa sahihi ya mwombaji nikasaini. Palipoandikwa sahihi ya Mwenyekiti nikasaini tena, na kugonga muhuri.

Tukafika kwenye mengineyo. Kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sikujua kama ninayo, nilimwambia Nyanzala alete ombi la baba yake, tutalitazama upya.

"Sijaleta ombi, mzee," alisema. "Nimefuata vyeti vyake vya hospitali mlivyobaki navyo. Baba hana shida na nyie tena. Kaka zangu wamefunga sola na betri kubwa mbili, analala fofofo."

Wajumbe wakainamia makaratasi yao. Mimi nilimfikiria Emerensiana, anavyokaa kitandani akihesabu pumzi zisizo zake, na usiku wa siku hiyo unaokuja.

"Hizo betri," nilisema, "zinabeba mashine mbili?"

"Zinabeba."

"Na mgeni akihitaji kulala huko kwenu, anatakiwa awasilishe nini?"

Nyanzala alinitazama kama anayejiuliza usingizi umeniondokea wote au bado.

"Hakuna cha kuwasilisha, baba. Unakuja na mashine yako, unalala. Na mama aje naye, apumzike."

Machozi yalinitoka mbele ya kikao. Nilikuwa nimemrudisha baba yake mara tatu bila umeme, na yeye ananikaribisha kwao bila hata kuniuliza namba ya kitambulisho. Nilitaka kumshukuru kwa maneno yanayostahili. Nilisimama, nikashika ukingo wa meza, nikafungua mdomo, na nikasikia sauti yangu ikimwomba hilo aniwekee kwa maandishi, nakala mbili.