Madamu wa Ghorofa ya Nne

Leonce alikuwa amekaa kwenye benchi la mama muuza chai, anakunywa chai ya mkopo na kutafuna chapati ya mkopo, macho yake yakapanda ng'ambo ya barabara. Yakapita duka la simu chini ya lile jengo jipya. Yakapita ghorofa ya pili na ya tatu, ambazo bado zilinuka rangi. Yakafika juu kabisa, ghorofa ya nne, yakatulia. Madirisha makubwa bila pazia. Hakuna hata soksi iliyoanikwa.

"Nyumba nzima imekaa bure," alijisemea, na roho ikamuuma kama mtu aliyeona ugali wa moto unamwagwa.

Wazazi wenzangu, hapa someni polepole. Tapeli haji na mapembe kichwani. Leonce alikuja na koti la kijivu, tai nyekundu, na viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi mpaka nzi akitua anateleza. Bila hilo koti alikuwa kijana wa Endamarariek aliyetoroka kwao kabla zamu yake ya kukamua haijafika. Akilivaa, anakuwa Meneja. Na Karatu imejaa watu ambao mtu akiwa na tai hawamuulizi jina la pili.

Mwenye jengo alikuwa Dar es Salaam. Funguo zilikuwa kiunoni kwa Piusi, mlinzi, mtu wa Singida mwenye heshima zake na mapenzi makubwa ya maini ya kukaanga. Leonce akamwagizia sahani.

"Bosi wako amenituma nimtafutie mpangaji wa kule juu."

"Mbona mimi hajanipigia?"

"Piusi kaka, angekupigia wewe, mimi angenituma wa nini?"

Piusi akatafuna. Hoja ikateremka pamoja na ini. Sahani ya pili ilipokwisha, ufunguo wa juu ulikuwa umehamia mfukoni kwa Meneja.

Sasa akatafuta wa kumpangisha. Hakungoja sana. Benedicta, mama wa Buger aliyekuwa akileta maziwa mjini, alitua dumu lake pale kwenye benchi apumue.

"Shikamoo mama. Hivi haya maziwa mazuri utayauza kwa bei ya huruma mpaka lini?"

"Marahaba. Mpaka Vumilia wangu amalize uuguzi kule Mbulu. Kwani wewe nani?"

"Mimi Meneja. Nina pentihausi pale juu."

Benedicta akavuta khanga yake vizuri. "Penti nini? Baba, mimi ni mwanakwaya."

"Pentihausi, mama! Nyumba ya juu kabisa. Juu yake ni Mungu peke yake."

"Si mseme hivyo tangu mwanzo? Mnaleta maneno ya nguo za ndani barabarani."

Akapandishwa. Sebule ilikuwa kubwa kama kanisa la kigango, vigae vinang'aa. Dirishani ulionekana msitu wa Ngorongoro, wingu limeukalia, na chini kwenye lami magari ya watalii yanapita na mizigo juu.

"Unaliona lile wingu, mama?"

"Wingu hata Buger lipo. Tena la kwetu linaingia mpaka jikoni."

"La Buger halina choo cha kukaa. Sikiliza. Wewe unapanga kwa mwaka, wazungu unawapangisha kwa siku. Mzungu akiamka hapa, akaliona hilo wingu, kabla hajapiga mswaki ameshakulipa dola."

Benedicta akanyamaza. Na hapo ndipo pabaya, jamani, mama anaponyamaza anapiga hesabu za watoto. Alimwona Vumilia na gauni jeupe la unesi, ada imelipwa hadi mwisho, na yeye mwenyewe hachoti tena matope ya zizini.

"Hela sina," akasema. "Nina Madamu."

"Madamu ni nani?"

"Ng'ombe wangu. Wa kisasa. Ndoo nzima kila asubuhi, na ndiye anayemsomesha Vumilia. Nimempa jina hilo kwa sababu ya mwendo wake."

Leonce akakohoa ili furaha isimtoke puani. "Mama, kodi ni kodi, hata ikiwa na mkia."

Wakaandikiana kikaratasi. Madamu ni kodi ya mwaka, na Benedicta anahamia Jumatatu. Kichwani kwa Leonce ilikuwa hivi: Jumamosi ni mnada, Madamu anauzwa, Jumapili yeye yuko kwenye basi la Dodoma. Jumatatu mama aje amkute Mungu peke yake, kama alivyoambiwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifikiria. Ng'ombe si simu, huwezi kumtia mfukoni. Benedicta alimleta Madamu mjini Jumatano, siku tatu kabla ya mnada, na ndugu wa Kornelio, mume wake, walikuwa wametapakaa mji mzima, wote wanamjua Madamu kwa mabaka yake. Kila uwanja Leonce aliowaza kumfunga ulikuwa na shemeji ndani yake. Mchana huo mvua ikashuka kubwa, barabara ikabaki tupu, Piusi yuko ng'ambo anamalizia maini aliyonunuliwa. Leonce akamtazama Madamu, akaitazama ngazi. Akatanguliza beseni la pumba.

Madamu akapanda. Alipanda taratibu, shingo juu, kama bibi harusi anayejua kwamba ukumbi hauanzi bila yeye. Ghorofa ya pili, ya tatu, ya nne. Akaingia sebuleni, akazunguka mara moja, akavibariki vile vigae.

"Mpangaji ameingia?" Piusi aliuliza kesho yake jioni.

"Ameingia. Madamu mmoja mkubwa sana. Hapendi wageni."

"Sawa. Ila usiku kucha nasikia anatembea na viatu virefu. Ko, ko, ko. Halali?"

"Ana mawazo."

"Na hilo gunia la majani unampelekea nani?"

"Daktari kamwambia ale mboga za majani tu."

"Gunia zima?"

"Piusi, ni mtu mzito."

Kuanzia hapo Meneja akawa mfanyakazi wa ndani. Maji ya bomba hayakufika juu, kwa hiyo alibeba ndoo. Alikata majani bondeni akiwa amevaa koti lake. Alijaribu kukamua, akapigwa teke moja la paja lililomfanya aitaje Endamarariek kwa sauti. Lakini alijipa moyo kwamba Jumamosi haiko mbali.

Ijumaa akamleta mnunuzi, Sakaya, mzee wa ng'ombe kutoka Arash, mwenye fimbo na macho ya kudharau bei. Kwa Piusi walipita wakisema ni mganga wa Madamu. Sakaya akapanda ngazi zote kimya. Mlango ukafunguliwa. Akamwona ng'ombe amesimama dirishani, anatazama Ngorongoro.

Sakaya akakaa chini kwenye vigae, akacheka mpaka shuka likamdondoka begani.

"Ero, kijana, umempandisha kwa ngazi?"

"Ndiyo. Alipanda vizuri tu, mzee."

"Kupanda atapanda. Kushuka je?"

"Si atashuka alikopandia?"

"Mvute nione."

Leonce akavuta. Madamu akafika kwenye ngazi, akainamisha kichwa, akaona shimo, akakataa. Leonce akasukuma nyuma. Akaimba. Akabembeleza, akatukana, akaomba msamaha. Akavuta tena kwa hasira, kamba ikakatika, yeye akashuka ngazi sita kwa makalio, na Madamu akarudi dirishani.

"Niliona Arusha," Sakaya akasema akijifuta machozi. "Walimpandisha ng'ombe wa sherehe juu ya hoteli. Alishuka."

"Alishukaje?"

"Vipande vipande."

"Basi mnunue wewe, mzee, halafu tutafute njia."

"Mimi nanunua ng'ombe. Sinunui ghorofa."

Akaenda zake, na kicheko chake kikasikika mpaka barabarani.

Jumamosi mnada ulifanyika kama kawaida, vumbi, nyama choma, kelele, na Leonce akausikiliza kwa mbali akiwa na koleo mkononi. Usidhani alikata tamaa. Mtu wa namna hii ukimzibia mlango anatazama dirisha. Alishuka akazungumza na muuza nyama mmoja asiyeuliza maswali: aje Jumatatu alfajiri na visu vyake, basi la saa mbili limkute Leonce stendi. Madamu atashuka kama yule wa Arusha.

Lakini Benedicta hakungoja Jumatatu. Jumapili, misa ilipotoka tu, alikuja na godoro kichwani na mapazia ya kitenge begani, kwa sababu usingizi ulikuwa umemkataa. Nyumbani zizi tupu lilikuwa likimtazama, na Vumilia alikuwa amepiga simu akauliza, "Mama, Madamu hajambo?" Benedicta akakata simu.

Leonce alikuwa anateremka na ndoo ya samadi. Aliposikia sauti ya Benedicta getini akaganda kwenye kona ya ngazi.

"Mwanangu, nimekuja kuhamia pentihausi," Benedicta alikuwa anamwambia Piusi.

"Haiwezekani, mama. Kule juu anakaa Madamu."

Godoro likayumba kichwani kwa Benedicta.

"Madamu gani?"

"Sura simjui. Namjua kwa viatu vyake na sauti. Ana sauti nene, mama! Alfajiri analia peke yake mpaka huruma. Meneja anasema ana mawazo."

Na Madamu, aliyekuwa ameisikia sauti aliyoizoea tangu akiwa ndama, akaitika. Mooooo! Vioo vya ghorofa ya nne vikatetemeka.

Benedicta akatua godoro. Akapanda. Alimpita Leonce kwenye kona bila kumsalimia, akafika juu, na Madamu akamlamba shingo mpaka kilemba kikalegea. Kisha Benedicta akageuka. Alikuwa ameshaelewa yote.

"Mama," Leonce alisema, "nimefikiri sana. Mchukue ng'ombe wako. Mkataba tunauchana."

"Hapana baba. Mkataba ni mkataba. Kodi nimelipa, ng'ombe ni wako. Mtoe nyumbani kwangu nitandike godoro."

"Hashuki!"

"Hilo si langu. Mimi nimepanga nyumba, sikupanga zizi. Au nimwite mlinzi aje amsalimie Madamu? Au niwaite shemeji zangu? Wako wote hapo kanisani, hawajatawanyika."

Leonce akaweka ndoo ya samadi chini. "Unataka nini, mama?"

Benedicta akamtazama kuanzia juu mpaka chini, kama anavyotazamwa jogoo sokoni.

"Kumshusha najua. Ila ni kazi, na kazi ina ujira. Kornelio ana harusi ya kuhudhuria na hana koti. Viatu pia hana."

"Koti langu?"

"Na tai nifungie ng'ombe. Kamba naona mmekata."

Akavua. Polepole, kila kifungo kikimtoa umeneja kidogo, mpaka akabaki na fulana yenye tundu kwapani, pekupeku, Leonce tu.

Ndipo Benedicta akamfunga Madamu macho kwa khanga. Akamgeuza makalio yaelekee ngazi. Akamshika kwa ile tai nyekundu, akaweka mdomo sikioni mwake na kuanza kumwimbia wimbo wa kwaya, sauti ya pili, taratibu.

"Wewe shika nyuma," akamwambia Leonce.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ni nyuma. Kwa Madamu hii ni siku ileile ya kupanda, ila anairudisha nyuma. Usipige kelele, asije akagundua."

Wakashuka kinyumenyume. Hatua moja, ubeti mmoja. Madamu alishusha kwato kwa kwato kwa ile heshima yake yote, na kila alipoogopa alijisaidia, na kila alipojisaidia aliyekuwa nyuma ni Leonce. Ghorofa ya tatu akafumba macho. Ghorofa ya pili akafumba na mdomo. Chini, Piusi alisimama kuwapokea, akaona kwanza mkia, halafu mgongo, halafu pembe.

Akavua kofia.

"Huyu ndiye Madamu?"

"Ndiye," Benedicta akasema. "Anahama."

Piusi akamtazama ng'ombe. Akamtazama Leonce. Ikamjia moja moja: viatu virefu, mboga za majani, mganga kutoka Arash. Uso wake ukabadilika. Akafunga geti nyuma ya mkia wa Madamu, akageuza ufunguo, akamkabidhi Leonce mopu na ndoo.

"Meneja," akasema taratibu, "bosi amenipigia. Safari hii kweli. Anakuja kesho kuangalia vigae."

Leonce akapanda tena, pekupeku. Akapiga magoti sebuleni, akaanza kusugua. Alipofika dirishani akainua kichwa. Wingu lilikuwa palepale juu ya msitu. Chini kwenye lami Benedicta alikuwa anaelekea Buger, godoro kichwani, koti begani, na nyuma yake Madamu na tai nyekundu shingoni, anatembea ule mwendo wake.

Gari la watalii likasimama. Wazungu wakatoka na kamera, wakamzunguka Madamu, wakacheka, wakapiga picha. Mmoja akamshika Benedicta mkono. Ndani ya ule mkono kulikuwa na noti, na hata kutoka ghorofa ya nne Leonce aliijua rangi yake.

Ilikuwa dola. Na yule mzungu, kwa nywele zake zilivyosimama, alionekana kabisa kwamba bado hajapiga mswaki.