Kiti Changu Chini ya Kioo

Jumanne, 28 Oktoba
Nimekuwa wa mwisho. Taarifa imetolewa na Bi. Fumie Tsukamoto, katibu wa klabu yetu ya mahjong, mchezo wa vigae, hapa Takaoka, saa sita kasoro dakika tano, mbele ya mashahidi. Ni mara ya pili mfululizo. Kanuni ya tano iko wazi: mara tatu mfululizo, unahamia Meza ya Nne, kwa wanaojifunza. Huko bado wanabishana kama kigae chenye ndege ni cha kundi la mwanzi au ni pambo tu.

Kwetu hakuna pesa, pombe wala sigara. Ni mchezo wa afya, wa wastaafu. Kwa hiyo ukishindwa huna cha kusingizia.

Kiti changu Meza ya Kwanza kilikuwa cha marehemu mke wangu, Yasue. Alikikalia miaka tisa. Mimi ninacho mwaka mmoja na miezi minne. Sikiachii!

Jambo la kuchunguzwa: Onodera, stesheni masta mstaafu, hukaa mkabala nami. Leo nilikuwa nangoja kigae cha duara saba tu nimalize. Akatazama juu ya bega langu, akatabasamu, akatupa mezani duara saba. Ile ile! Sikuichukua. Mtu akikupa unachokitaka kabla hujaomba, huo ni mtego.

Nyuma yangu kuna kioo kikubwa kilichojengewa ukutani. Nimekuwa mwandishi wa habari miaka thelathini na minane. Mtu akikitazama sana kioo, na si mrembo, basi kuna kitu nyuma ya kioo.

Jumatano, 29 Oktoba
Nimerudi ukumbini. Nilisema nimesahau miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Jaribio la kwanza: ukucha. Inasemekana ukigusa kioo na pakabaki nafasi kati ya kidole na taswira yake, kioo ni cha kawaida. Vikigusana, kuna mtu upande wa pili. Kidole gumba: nafasi ipo. Cha shahada: haipo. Cha mwisho: sina hakika. Mkono wa kushoto ukakanusha yote yaliyosemwa na wa kulia.

Jaribio la pili: kubisha. Ukuta unajibu du. Kioo kinajibu kama debe tupu. Nikabisha tena, kwa nguvu. Bi. Fumie akatokea mlangoni.

"Shemeji," akasema, "hapo ukibisha atakufungulia nani?"

Nilimwambia nakagua ujenzi. Alinipa matunda mawili ya kaki yaliyoiva, akaniambia nile, nimekonda.

Ijumaa, 31 Oktoba
Jaribio la tatu. Nilizima taa za ukumbi, nikabandika tochi kwenye kioo, nikaziba pembeni kwa viganja, nikachungulia. Mafanikio! Nyuma ya kioo kuna stoo. Mifagio mitatu. Ndoo. Na kiti kidogo cha mtoto, kimeelekezwa kwenye kioo.

Imethibitishwa. Kutoka huku unajiona, kutoka kule unaonwa.

Jioni nilipekua magazeti yangu ya zamani. Jengo lilikuwa shule ya chekechea. Habari ya kufunguliwa kwake, Aprili 1988, aya ya tatu: "Wazazi wataweza kuwatazama watoto wao kupitia kioo maalumu." Mwandishi: Hirabayashi Seikichi. Mimi.

Siku tatu nimechunguza habari niliyoichapisha mwenyewe. Si kitu. Habari nzuri huthibitishwa mara mbili. Bado haijajulikana ni nani hukaa kwenye kile kiti.

Jumanne, 4 Novemba
Nilipiga simu kwamba nina mafua. Asiyekuwepo hahesabiwi wa mwisho. Kanuni ya saba. Saa tatu na dakika ishirini niliingia stoo kwa mlango wa nyuma, kumsubiri jasusi. Nilikalia kiti cha mtoto. Magoti yakawa jirani na masikio.

Jasusi hakuja. Kiti changu ukumbini alipewa Muraoka wa Meza ya Nne, aliyewahi kuwa mcheza sumo wa shule. Kwa saa nzima nilitazama mgongo wa sweta yake. Ni ya kahawia.

Lakini nilisikia kila kitu. Mchezaji wetu wa nne, Bi. Kanzaki, ana masikio mazito, kwa hiyo meza nzima humpigia kelele. Nimenukuu papo hapo, gizani, kwa hati mkato.

Onodera: "Duara saba nilimpa, aliyokuwa anaililia! Kaitazama, kaiacha!"

Bi. Kanzaki: "Nani?"

Onodera: "Hirabayashi!"

Bi. Kanzaki: "Ah, huyo. Mimi joka jekundu namtupia wiki ya tatu sasa. Ni kama kumlisha mtoto aliyefumba kinywa."

Bi. Fumie: "Mpeni tu, jamani. Nilimwahidi Yasue kwamba hicho kiti hakitahama nyumba."

Onodera: "Yasue alikuwa mjanja bwana. Koti lake alilitundika pale kwenye kioo. Sisi tusione kigae hata kimoja!"

Hapo simu yangu ikalia. Ikawaka. Nilijifunza jaribio la nne, ambalo halikuwa kwenye mpango: kioo hiki hukuficha ukiwa gizani tu. Muraoka aligeuka, akaona uso wangu umeelea ukutani, wa buluu, juu ya vigae vyake. Alipiga yowe. Vigae vikamwagika. Bi. Kanzaki akaniamkia.

"Mzee wa habari!" Onodera akaita. "Mafua yamekupeleka stoo?"

Aliyepiga simu ni Bi. Fumie. Bado alikuwa ameishikilia sikioni. "Nilitaka kukuuliza hali, shemeji. Uji wa mchele nikuletee nyumbani au huko huko?"

Nilipotoka, Onodera alianza kunieleza kwamba nyuma ya kioo hakuna mtu, kwamba yeye kutoka kitini pake anaona tu kwenye... Bi. Fumie akamkanyaga mguu. Nilishuhudia. Sababu haijatolewa.

Muhtasari: wamekiri kwamba vigae vyangu vinaonekana. Jasusi alionywa mapema, ndiyo maana hakutokea. Na Yasue alijua! Koti lilikuwa la kumziba jasusi macho. Mke wangu alifanya uchunguzi wote huu miaka tisa kabla yangu, na hakuniambia neno.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimelitoa koti la Yasue kabatini. Kijani, zito, linanuka kafuri. Mfukoni: peremende mbili na tiketi ya tramu. Nimeviacha humo humo. Kesho nikiwa wa mwisho, ni mara ya tatu, kiti kimekwenda.

Jumanne, 11 Novemba
Koti nililitundika saa tatu na nusu. Kioo chote kimezibwa. Onodera alikodoa macho kama anasubiri treni kwenye ukungu. Safi sana!

Raundi nne za kwanza: nilishindwa zote. Kila walichotupa hakikunifaa. Bi. Kanzaki aliniomba radhi mara mbili, sijui ya nini. Wakati wa chai nilikuwa wa mwisho, mbali mno.

Bi. Fumie akainuka, akalishusha koti. "Koti zuri hivi mnaliacha lipigwe vumbi? Yasue angekuchapa, shemeji." Akalivaa yeye. Lilimkaa. Sikuweza kumvua mwanamke koti mbele ya watu. Kioo kikabaki wazi.

Ila hofu ilikuwa imeniisha. Jasusi asipokuwepo, mtego haupo. Na baada ya saa nzima ya koti, jasusi gani angebaki? Onodera alitupa mwanzi tano niliokuwa nauhitaji. Nikauchukua! Meza nzima ikapiga makofi, jambo lisilo la kawaida. Bi. Kanzaki akatupa joka jekundu. Nikalichukua! Nilishinda raundi tatu mfululizo.

Matokeo, kwa mujibu wa Bi. Fumie: mimi wa tatu, Onodera wa mwisho. Onodera alikuwa anacheka. Wengine hulipokea pigo namna hiyo. Kiti ni chetu.

Ijumaa, 14 Novemba
Ujuzi huu si wa kukaa nao peke yangu. Nimeomba kutoa mhadhara klabuni: namna ya kutambua kioo chenye mtu nyuma yake. Bi. Fumie amekubali, kwa sharti kwamba koti libaki kwake, analitia bitana.

Leo nimekwenda kukiandaa kioo. Nimekipangusa chote kwa siki na karatasi za gazeti, kuanzia juu hadi usawa wa kiti changu, mpaka kimeng'aa. Onodera alinishikia ndoo. Kisha akaenda kukaa mahali pake, akatazama juu ya bega langu kwa muda, akaniambia kwa dhati kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona vizuri namna hii.

Nimemshukuru. Mhadhara ni Jumanne, 18 Novemba, saa tatu na nusu asubuhi. Nitautoa nikiwa kitini, mgongo kwa kioo. Mchezo utafuata.