Naomba Umfukuze Waziri Wako, Jumamosi Moja Tu

Vihtajärvi,
Jumatano, 30 Oktoba.

Mheshimiwa Waziri Mkuu,

YAH: KUFUKUZWA KAZI KWA WAZIRI WA UCHUKUZI, KWA MUDA

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini u mzima na kwamba viazi vyenu mmekwisha kuvichimba. Mimi ni dada yake Kauko Hyyryläinen, Waziri wako wa Uchukuzi. Sina ugomvi na serikali. Nina gati.

Ni gati la mbao alilolijenga marehemu baba mbele ya sauna yetu, kibanda cha kuogea kwa mvuke. Kila mwaka lazima livutwe nchi kavu kabla ziwa halijaganda, la sivyo barafu italisaga. Baba alilitia vishikio viwili, kimoja cha Kauko, kimoja changu. Kidole kimoja hakivunji chawa, Mheshimiwa, na mimi nina miaka sabini na moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kauko alipochaguliwa diwani, alikuja kulivuta gati na tai shingoni. Akateleza, akazama hadi kifuani, akaibuka akisema jambo hili lilipaswa kujadiliwa kwanza.

2. Alipokuwa mbunge alikuja na mpiga picha. Akashika kishikio chake, akatabasamu, picha ikapigwa, akaenda zake. Gazeti likaandika kwamba huyu ni mtu wa watu. Gati lilibaki majini, barafu ikala pembe moja. Kwenye picha ile mimi ni kiwiko tu.

3. Alipopewa uwaziri nilimwandikia wizarani. Nikajibiwa kwa adabu kwamba maji ni ya wizara nyingine. Wizara hiyo nayo ikanijibu kwamba kitu kinachovutwa ni uchukuzi. Nimepigwa danadana miaka mitatu, na kila barafu inapoyeyuka naokota mbao za baba ng'ambo ya ziwa. Kwenye gati zimebaki nne. Jamani, barafu ya mwaka huu italimaliza.

4. Bila gati zima siwezi kujitosa ziwani nikitoka sauna. Nisipojitosa nakuwa mkali. Kwa ukali huo nimegombana na jirani yangu Aarne, aliyeniambia mbele ya duka, "Sylvi, una waziri mzima, umekosa mtu wa kukushikia ubao?" Sasa Aarne ndiye sauti nzito pekee ya kwaya yetu, naye hataki tena kusimama nyuma yangu. Krismasi hatutaimba. Watu wasioimba Krismasi hubaki na kinyongo hadi Aprili, na uchaguzi ni Aprili. Serikali yako itaanguka, na usiseme sikukuambia.

Kwa hiyo naomba umfukuze Ijumaa jioni, umrudishe Jumatatu asubuhi. Ukihitaji kashfa, ninayo. Kauko huwapikia wageni kahawa nyepesi mpaka unaliona ua lililochorwa ndani, kwenye kitako cha kikombe. Nchi hii imesamehe mengi, lakini hilo haitalisamehe. Niko tayari kuapa mahakamani.

Wasalimie mawaziri wote, hata yule wa fedha, na mama anayefagia ngazi za ofisi yako.

Nabaki, raia wako mtiifu ambaye maji yamemfika magotini na yanapanda,

Sylvi Hyyryläinen

N.B. (Jumapili). Barua ilikuwa bado mezani ikingoja stempu, na jana Kauko akatokea. Alikuja kwa basi, peke yake, akavaa buti za mpira za marehemu baba. Kumbe Aarne alimpigia simu. Gati tulilitoa kwa dakika kumi. Kisha tukaketi kwenye ngazi za sauna tukinywa kahawa yake, nami nilikunywa vikombe vitatu. Saa nzima hakuitoa simu mfukoni, na nilifurahi, Mheshimiwa, nilifurahi kama mtoto. Wakati wa kuondoka ndipo akaniuliza, "Dada, tutaonana lini tena?"

Basi usimfukuze, na habari ya kahawa uichome moto. Ila leo asubuhi nimelirudisha gati ziwani. Kulisukuma, mtu mmoja anatosha. Tafadhali mwambie tu kwamba gati bado liko majini, aje Jumamosi.