Harusi ya Nuru Inakatikia Mlangoni

Jumatatu, 5 Julai 2004
Leo nimejitangaza: fundi wa kompyuta wa Magomeni ni mimi, Amiri. Shule niliacha kidato cha pili, lakini shule yenyewe haikuwa na kompyuta. Nani kamkosa nani? Hii yetu baba kapewa kazini bandarini, nusu nzima. Bibi Mwanaisha anakuja Jumamosi kutazama CD ya harusi ya dada Nuru. Siku ya harusi Bibi alikuwa hoi kitandani, kwake Nanyamba. Nimejaribu. Dakika ya kumi na mbili, bibi harusi anafika mlangoni atoke, pap! Kioo chote bluu. Baba kaapa: ikimkatikia mama yake, kompyuta inahamia kwa Filipo wa Likombe. Filipo! Fundi wa kozi ya wiki tatu, kalamu nne mfukoni.

Jumanne, 6 Julai
Adui nimemjua. Upepo wa bahari! Chumvi inaingia kwenye mashine. Ilikuwa na kitambaa kimoja cha kufuma, nimeongeza cha pili, nikachomekea pembeni kote. Hata sisimizi hapiti. Imekata dakika ya tisa. Chumvi ya zamani hiyo, bado inatoka.

Alhamisi, 8 Julai
Filipo kaja, hakuitwa. Kasema programu ya video imepitwa na wakati, kaweka mpya. Imekata dakika ya saba, mbele ya mama! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza cheti chake alisaini nani, mpishi wa chuo? Kaondoka akisema nitachoma nyumba ya watu. Wivu huo. Jioni nimeongeza kanga mbili, na nailoni juu yake.

Jumamosi, 10 Julai
USHINDI! Bibi kafika na mfuko wa korosho, kanisalimu mume wake, kakaa mbele kabisa. Dakika ya nne: bluu. Bibi akasema basi, asihangaike mtu, macho yake yenyewe yamechoka. Akaegemeza kiganja juu ya mashine ili ainuke. Akakitoa mbio! Akauliza nani kamvika mgonjwa wa homa nguo tano. Akavua nailoni, kanga, vitambaa, vyote. Akaagiza kipepeo cha jikoni akaipepea mwenyewe nusu saa nzima, huku akiwaambia watu kwamba mume wake ni hodari wa kula tu. Tukaweka CD tena. Nuru akafika mlangoni. Akavuka! Bibi alipiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakaitikia uani. Akataka irudiwe. Mara tatu! Baba kasema kompyuta haiendi popote.
Iandikwe wazi: chumvi niliikausha mimi wiki nzima. Bibi kamalizia tu.

Jumapili, 11 Julai
Sifa zimeenea. Mzee Issa, nyumba ya tatu, kaniita: kompyuta yake haiwaki. Nikafungua mfuniko kwa kisu cha samaki. Mzee akauliza: si vizuri tuchomoe umeme kwanza, mjukuu wangu? Nikamjibu kwa heshima kwamba woga ndio unaowachelewesha wazee. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado unatetemeka. Haijawaka, lakini cheche zilizotoka zimethibitisha kwamba moto umo ndani. Kwa fundi, hiyo ni nusu ya kazi.