Jumatano Chini ya Uangalizi

Kwa niaba ya Idara ya Utulivu wa Majini, nina heshima kubwa kuutangazia umma wa Hamburg kwamba furaha inayotokea kwenye Ziwa Alster kila Jumatano jioni sasa iko chini ya uangalizi rasmi. Wananchi wasiwe na wasiwasi. Mimi, Volkmar Petrich, Naibu Mkurugenzi wa Mawimbi Madogo, ndiye niliyekabidhiwa jukumu hilo. Mawimbi makubwa hatuna, lakini cheo ni cheo.

Kisa chenyewe kilianza na malalamiko. Mkazi mmoja wa zile nyumba nyeupe za ufukweni alitufahamisha kwamba kila Jumatano, saa za chakula cha jioni, watu fulani hupita na mashua za matanga mbele ya dirisha lake huku wakicheka. Hakulalamikia kelele. Alilalamikia kwamba hajui wanacheka nini.

Mkurugenzi wetu, Dkt. Roswitha Quast, aliliona jambo hilo kwa uzito wake. Ni mwanamke mrefu, mwenye miwani ya mnyororo, na katika utumishi wake wote hajawahi kuliachia faili likishaingia mkononi mwake.

"Petrich," aliniambia, "ndani ya jiji hili kuna mashindano yasiyo na mwandalizi, yasiyo na kombe, yasiyo hata na mgeni rasmi. Yanaendaje?"

"Inasemekana yanaendeshwa na upepo, Bi. Mkurugenzi."

"Na upepo unasimamiwa na nani?"

Nikaliandika swali hilo kwenye daftari. Ndiyo maana yeye ni mkurugenzi na mimi ni naibu.

Jumatano iliyofuata nilishuka gatini nikiwa nimevaa tai. Niliwakuta watu kama kumi na tano hivi wakifungua matanga, wengine bado wana nguo za kazini. Mwanamke mmoja mfupi, mwenye mikono ya kunyanyua magunia, alikuwa bado na sare ya udereva wa basi. Huyo ni Swantje Bruhn. Kando yake, mwanamume mnene alikuwa anakaanga kitu kwenye jiko dogo: Güven Aksoy, muuza mikate iliyojazwa samaki pale karibu na stesheni. Na juu ya benchi, amelipakata bakuli la saladi ya viazi kama mtu aliyepakata mtoto, alikaa mzee Hauke Thomsen, mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Nani kiongozi wenu?" niliuliza.

Wakatazamana.

"Leo zamu ya nani kuwa kiongozi?" Güven aliwauliza wenzake.

"Mimi nilikuwa wiki iliyopita, sitaki tena," alisema Swantje. "Mpe huyu mwenye tai."

Niliwaeleza kwa upole kwamba nimekuja kutathmini uhalali wa shughuli. Wakaniambia sawa, lakini nisikae karibu na jiko. Kisha Güven akapiga kikaango kwa mwiko, ngaaa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ishara ya kuanza. Kikaango! Nilitazama saa. Mashua zikaondoka ovyoovyo, moja ikiwa bado imefungwa gatini.

Nilichokisikia kutoka majini ninakiripoti bila kuongeza chumvi.

"Hauke! Mzee wangu! Hiyo mashua unaiendesha au unaifuga?"

"Wewe Swantje nyamaza, huku hakuna vituo vya kushusha abiria!"

"Güven, hamia upande wa pili, mashua inazama kwa tumbo lako!"

"Hili siyo tumbo, dada, huu ni mtaji!"

Walizunguka boya, wakampisha bata maji mmoja mweupe na familia ya mabata, wakapisha meli ya watalii, wakarudi. Aliyeshinda hakujulikana vizuri, na wala hakuna aliyeonekana kujali. Lakini nilipowatazama wakiwa katikati ya ziwa, walikuwa wanashindana huku wameuma meno, kila mmoja akiiba upepo wa mwenzake pale unapochomoka kati ya mahoteli ya ufukweni. Hali hiyo, ya kujitahidi sana kwa ajili ya kitu kisichokuwepo, haina jina katika kanuni zetu.

Walipokaa kula, Swantje alinivuta pembeni.

"Sikia, afisa. Unataka kutufunga, siyo?"

"Idara haifungi. Idara hurasimisha."

"Haya, vyovyote. Unamwona yule mzee na bakuli lake? Mkewe, Telse, alifariki msimu wa baridi uliopita. Siku nyingine zote anakula mkate mkavu amesimama jikoni. Jumatano peke yake ndiyo anachemsha viazi, kwa sababu sisi tunakuja na njaa. Ukiigusa Jumatano, niambie, yule atampikia nani?"

Niliipokea hoja hiyo na kumweleza kwamba haina kiambatisho. Akaniwekea saladi kwenye sahani. Ilikuwa na siki nyingi na vitunguu vingi. Nilikula yote, kwa ajili ya tathmini.

Basi tukatunga kanuni. Kwa ufupi, kila mashua ilipewa namba na kila nahodha fulana ya rangi ya machungwa. Kicheko kikagawanywa katika viwango vitatu, na cha tatu hakiruhusiwi mbele ya nyumba nyeupe. Maneno ya utani sharti yawasilishwe ofisini mapema ili yahakikiwe. Kikaango kilibadilishwa na hotuba. Na ili kulinda hadhi ya serikali, iliamriwa kwamba chombo cha Idara kipishwe na wote, na pasiwe na mashua itakayokisogelea chini ya mita hamsini bila kibali, ambacho huombwa siku tatu za kazi kabla.

Mbele yangu Hauke aliwasilisha utani mmoja tu: "Swantje ni mbaya." Tuliurudisha kwa kukosa ushahidi.

Siku ya uzinduzi, Dkt. Quast aliamua kuongoza kwa mfano. Tuliazima mashua nzuri nyeupe. Mimi nilishika usukani, kwa kuwa nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya nadharia, na yeye akashika kamba ya tanga, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana kuwa na mamlaka zaidi. Alisoma hotuba yake amesimama. Wale wenye fulana za machungwa walisikiliza kwa heshima, kimya, kama watoto wanaosubiri sindano. Mzee Hauke siku hiyo hakuja na bakuli. Nilimwuliza kwa nini.

"Sikujua viazi viko kwenye kiwango cha ngapi," alijibu, akageuza uso.

Tukaanza. Upepo ulikuwa mwororo, na kwa kuwa wote walitupisha, tukawa mbele. Mkurugenzi alifurahi.

"Unaona, Petrich? Tatizo lao lilikuwa kukosa uongozi."

Ndipo upepo ukachomoka kati ya mahoteli.

Ulitupiga ubavuni kwa nguvu. Tanga likajaa, mashua ikaanza kulala upande. Katika hali kama hiyo, nadharia inasema, mwenye kamba huilegeza, upepo ukatoka, mashua ikainuka. Nilimkumbusha Mkurugenzi kwa lugha ya kiofisi kwamba huenda ingefaa kufikiria uwezekano wa kulegeza.

"Kulegeza?" alisema, akaivuta zaidi.

"Achia kamba!" Swantje alipiga kelele kutoka mbali. "Mama, achia! Achiaaa!"

"Idara haiachii!" alijibu Dkt. Quast, akaizungushia kiganjani.

Mashua ikalala kabisa, taratibu, kwa heshima. Nilijikuta majini nikiwa na miwani yake mkononi. Mkurugenzi alielea kwa jaketi lake la kujiokolea, nywele zimemfunika uso, kamba bado ameikamata.

Mashua zote zikasimama. Zilitengeneza duara kubwa kutuzunguka. Duara safi sana.

"Mbona hamji?" niliita.

"Mita hamsini, bosi!" alijibu Güven. "Tuko hamsini na mbili. Tusogee mbili?"

"Njooni!" alipaza sauti Dkt. Quast.

"Tuna kibali?"

"Ninatoa kibali!"

"Siku tatu za kazi," alisema mtu kutoka mashua nyingine, kwa masikitiko ya kweli. "Na Ijumaa ni sikukuu. Mtavumilia mpaka Jumanne?"

"Natengua kanuni!"

"Yote, au kifungu hicho tu?"

Maji ya Alster, hata wakati wa kiangazi, huingia mifupani. Nilimwona Mkurugenzi midomo ikimtetemeka. Nilisikia pia kutoka kwenye lile duara sauti kama za birika zinazokaribia kuchemka: watu wazima waliokuwa wakikizuia kicheko cha kiwango cha tatu.

Aliyevunja kanuni alikuwa mzee Hauke. Hakuuliza kitu. Aliigeuza mashua yake kuukuu, akaja moja kwa moja, akainama.

"Mkono," alisema.

"Nimeshika kamba," alisema Mkurugenzi.

"Naona, mama. Sasa iachie. Huwezi kushika vyote viwili."

Alimtazama. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimeng'ang'ania upande wa pili, na ninathibitisha kwamba ilichukua muda. Kisha akafungua kiganja. Kamba ikatelezea majini, na Hauke akamvuta ndani kama furushi la nguo zilizofuliwa. Swantje aliniokota mimi kwa kola.

Gatini walituvika masweta yaliyonuka samaki. Hapakuwa na chakula. Mkurugenzi, meno yakigongana, aliuliza kama kuna chochote cha kula, maana tangu asubuhi alikuwa na hotuba tu tumboni.

Swantje alimgeukia Hauke. "Mzee?"

Hauke alikuna kichwa. "Viazi viko nyumbani. Vimeshachemka. Nilichemsha tu, nikasema... sijui nilisema nini. Mkono umezoea."

"Kavilete!" walipiga kelele wote.

Akaenda kwa baiskeli, na kwa umri wake alienda upesi mno. Alirudi na bakuli. Dkt. Quast alikula sahani ya kwanza kimya. Kwenye ya pili, Güven alianza kumwigiza akisema "Idara haiachii" huku amekumbatia kikaango, na kutoka kwa Mkurugenzi wetu kikatoka kitu ambacho sikuwahi kukisikia ofisini. Kilianzia puani. Baadaye kilisikika, naambiwa, mpaka ng'ambo ya ziwa.

Kesho yake aliitisha kikao. Alisema suala la Jumatano ni tata kuliko ilivyodhaniwa. Kanuni zimesitishwa, na badala yake utafanyika utafiti wa muda mrefu, ambao yeye mwenyewe ataushiriki kila wiki, bila posho, mpaka atakapostaafu. Seneta wa jiji aliyepiga simu kuuliza matokeo aliambiwa kwamba takwimu bado zimelowa.

Nafasi kwenye mashua aliiomba kwa Swantje. Nilikuwepo.

"Nafasi ipo moja," alisema Swantje. "Ya kushika kamba. Lakini nikisema achia, unaachia. Sitaki mjadala."

"Ndiyo, Bi. Bruhn," alisema Mkurugenzi wa Idara ya Utulivu wa Majini.

Mimi nilipangiwa mashua ya Güven. Wadhifa wangu humo ni uzito. Upepo ukivuma kushoto nakaa kushoto, ukivuma kulia nakaa kulia, na tathmini ya utendaji wangu hutolewa papo hapo, kwa sauti.

Jumatano iliyopita tulikuwa tunakaribia boya, sisi na wao, bega kwa bega. Dkt. Quast alisimama kwenye mashua yao, sweta mabegani, akanielekezea kidole.

"Petrich! Wewe unakaa majini kama unavyokaa vikaoni! Kabati lina faida kuliko wewe!"

Watu wakaangua vicheko. Mimi nikainamisha kichwa, kama nilivyozoea kufanya miaka yote.

"Mjibu basi!" Güven alinipiga teke. "Kaka, mjibu! Huku hakuna mkurugenzi!"

Nilifungua mdomo. Wakati uleule Swantje alianza kugeuza mashua yao, boriti ndefu inayobeba tanga ikaanza kuvuka kwa kasi kwenda upande wa pili, na mkubwa wangu wa kazi alikuwa bado amesimama katikati ya njia, anatabasamu.

"Kaa chini, Roswitha!" nilipiga kelele.

Alikaa. Boriti ikapita juu ya nywele zake. Sisi tukawapita.